Nyanya na mboga nyuma ya nyumba: hangaika na udongo na maji kwanza

Watu wengi wakinifuata kuniuliza kuhusu nyanya wanaanza na dawa. Majani yamejikunja nipulize nini, tunda limeoza kitako nipulize nini, mche jana ulikuwa mzima leo umelala nipulize nini. Na mi kabla sijajibu huwa nauliza mambo mawili tu, udongo ulikuwaje kabla hujapanda, na unamwagilia saa ngapi na kiasi gani, na mara nyingi sana jibu la ugonjwa linatokea hapo hapo. Bustani ya nyumbani sio shamba, una miche 6 au 10 au 20, unaweza kuiangalia mmoja mmoja kila asubuhi, na hiyo ndo silaha yako kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa. Kwahiyo humu nitakaa sana kwenye udongo na maji, mengine nitayapitia haraka.

Kabla hujashika jembe tafuta mahali, na usitafute kwa kuangalia mara moja tu. Nyanya inataka jua lenyewe, sio mwanga wa kivulini, masaa 6 kwa siku ndo kima cha chini na 8 ndo inapendeza. Siku ambayo unashinda nyumbani toka nje saa mbili asubuhi, saa tano, saa nane na saa kumi, kila ukitoka chomeka kijiti pale kivuli cha ukuta au cha mti kinapoishia, jioni utaona wazi kipande kipi kimepata jua siku nzima na kipi kilikuwa kinakudanganya. Pale penye jua la masaa 4 usipaache, panda mchicha, spinachi au saladi, mboga za majani zinavumilia kivuli na wakati wa joto kali saladi inakitaka kabisa. Mti mkubwa ukae nao mbali hata kama kivuli chake hakikufikii, mizizi yake inakunywa maji yako. Alafu pawe karibu na maji, hili watu wanalidharau ila kama unabeba ndoo mita 50 kila siku, wiki ya tatu utaanza kuruka siku, na nyanya haipendi kabisa kurukwa siku.

Kama ndo unaanza, tuta moja la mita 1 kwa mita 3 linakutosha. Upana usizidi mita 1 na sentimita 20 ili ufike katikati kwa mkono ukiwa umechuchumaa pembeni, maana udongo wa tutani haukanyagwi, ukishakanyagwa hewa inatoka, maji hayashuki na mizizi inagonga mwamba. Huna ardhi? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu chini inabeba mche mmoja wa nyanya vizuri, mmoja tu usiweke miwili, na ujue ya kwenye ndoo inakauka haraka kwahiyo siku za jua kali utaimwagilia kila siku.

Ujue udongo wako kwanza

Chukua chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza udongo wa bustani mpaka theluthi moja, ongeza maji mpaka karibu na shingo, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa alafu iweke mezani usiiguse. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja hivi, unaiona mistari yake ikijipanga chini. Udongo tope laini unachukua masaa, na mfinyanzi unaweza kubaki juu ukiyachafua maji mpaka kesho yake au zaidi. Ukitulia una matabaka matatu mbele yako, na vipande vya majani makavu na mizizi vinaelea juu. Mchanga ukiwa ndo mwingi, bustani yako inapitisha maji na chakula kama chujio. Mfinyanzi ukitawala, inashika maji mpaka mizizi inakosa hewa, na ikikauka inapasuka.

Sasa kinachofurahisha ni kwamba hali zote mbili tiba ni ile ile, mboji au samadi iliyooza. Kwenye mchanga inashika maji, kwenye mfinyanzi inafungua udongo. Tandaza unene wa sentimita 5 mpaka 10 juu ya tuta alafu changanya na udongo wa juu, kina cha sentimita 20 mpaka 30. Kosa moja ambalo nawaona watu wanalifanya ni kumwaga mchanga kwenye mfinyanzi wakidhani wataulainisha, usifanye hivo, mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi unakuwa mgumu kama tofali.

Samadi iwe imeoza kweli, nasisitiza. Mi msimu wangu wa kwanza nilipewa samadi ya kuku, mbichi, nikaona bahati, nikaichanganya na udongo na wiki hiyo hiyo nikapanda miche 12. Siku ya nne kingo za majani zikaanza kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, siku ya kumi nilibaki na miche 2. Samadi ya kuku ina naitrojeni kali, ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na pia samadi mbichi inabeba vimelea vya magonjwa ya tumbo, kwahiyo kwa mboga zinazogusa udongo iachie si chini ya miezi 4 kati ya siku uliyoiweka na siku ya kuvuna. Iliyoiva utaijua kwa mkono na pua, haina joto ukizamisha mkono, haichomi pua, imevunjikavunjika na inanuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Mboji unaitengeneza mwenyewe bure. Vitu vikavu vya kahawia kama majani makavu, mabua, vipande vya maboksi, changanya na vibichi kama maganda ya mboga, majani uliyopalilia, matunda yaliyoharibika, vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi kwa ujazo. Lundo likifika mita 1 kwenda juu na mita 1 upana linapata joto lenyewe ndani. Unyevu wake ukishika konzi ukikamua litoke tone moja mawili, sio lichuruzike. Geuza kila wiki moja au mbili, ndani ya miezi 2 mpaka 4 unayo. Nyama, mafuta, kinyesi cha mbwa na paka usiweke. Na mche wowote uliokufa kwa ugonjwa usiutie humo, utakuwa umejitunzia ugonjwa wa msimu ujao.

Kitaluni

Ukinunua mbegu soma pakiti, kuna nyanya za aina mbili na ukizichanganya utahangaika mpaka mwisho. Kuna fupi, zinafika kimo fulani zinaacha kurefuka, zinazaa kwa pamoja ndani ya wiki chache zimemaliza. Na kuna ndefu, zinaendelea kupanda na kuzaa mpaka ugonjwa au baridi izikatishe, hizi lazima miti ya kushikilia na lazima kupogolea. Kwa matumizi ya nyumbani mi napenda ndefu kwasababu nachuma kidogo kidogo kila siku, ila wenye ndoo au muda mdogo wachukue fupi.

Panda kwenye vikombe au trei zenye matundu, kina cha nusu sentimita mpaka sentimita 1, udongo mlaini uliochanganywa na mboji iliyochekechwa. Joto la nyuzi 20 mpaka 27 zinaota ndani ya siku 5 mpaka 10. Zikishaota tu ziweke penye mwanga mwingi, hapa ndo pana tatizo la kitalu nambari moja, mche ukikosa mwanga unajinyoosha unakuwa mrefu mwembamba kama uzi, na wa hivo hata ukiuhamisha unateseka. Tatizo la pili ni kinyausi, ule ukungu unaokata kashina usawa wa udongo, unaamka asubuhi miche imelala chini kama imekatwa na wembe. Kinyausi kinatokana na maji mengi na msongamano, kwahiyo mwagilia pale udongo wa juu unapoanza kukauka tu, na ipunguze ibaki mmoja kila kikombe. Usiing'oe ya ziada, ikate kwa mkasi, ukiing'oa unatikisa mizizi ya uliyemchagua.

Wiki 4 mpaka 6 baadae ina majani yake halisi 4 au 6 na urefu wa kama sentimita 15. Wiki moja kabla ya kuihamisha izoeshe, siku ya kwanza lisaa limoja au mawili juani, kesho ongeza, mpaka ishinde nje. Ukiitoa kivulini moja kwa moja ukaipeleka jua la saa saba, majani yatababuka yawe meupe.

Siku ya kuhamisha

Hamisha jioni jua likishapoa au siku ya mawingu. Mwagilia miche kitaluni kama lisaa limoja kabla ili udongo ushikane na mizizi. Nafasi kati ya mche na mche ni sentimita 50 mpaka 60, najua utaona kama ni mbali sana maana mche wenyewe ni kama kidole, ila baada ya miezi miwili utaelewa, nyanya zilizobanana hazipati hewa, umande haukauki na ukungu unaingia.

Sasa nyanya ina jambo lake ambalo mboga nyingi hazina. Angalia shina la mche mkubwa kwa karibu, sehemu ya chini utaona vipele vidogo vidogo vyeupe, ile ni mizizi inasubiri kuguswa na udongo. Kwahiyo vunja majani ya chini yote, bakiza ya kileleni, alafu zamisha shina mpaka karibu theluthi mbili. Hata mche uliorefuka vibaya unaokolewa hivi, mlaze kwenye mfereji mdogo ukiinua kichwa tu, siku mbili tatu kichwa kinanyooka chenyewe na shina lote lililofukiwa linatoa mizizi. Ila usifanye hivi kwa kila mboga, matango ukiyafukia shina linaoza, na kama umenunua miche ya nyanya iliyobebeshwa juu ya shina lingine, kile kidonda cha kuungia kikae juu ya udongo.

Siku hiyo hiyo simika mti wa kushikilia, mita 1 na nusu mpaka 2 kwa zile ndefu, ukisubiri mpaka mche ukue utakuja kuchoma mizizi. Na kama bustani yako ina sota, wale viwavi wa kijivu wanaojikunja kama duara ukiwafukua, wanatoka usiku wanakata mche pale pale chini, kata kipande cha boksi au ile bomba ya karatasi ya katikati ya tishu, zungushia shina, sentimita 2 iingie chini na 5 zibaki juu. Kitu kidogo kabisa lakini kimeniokolea miche mingi kuliko dawa yoyote. Malizia kwa kumwagia kila mche lita 1 au zaidi taratibu, udongo ushikane na mizizi.

Maji

Hapa naomba usome polepole.

Nyanya haihitaji maji mengi, inahitaji maji ya utaratibu. Kipimo cha kuanzia ni sentimita 2 na nusu kwa wiki pamoja na mvua, ambayo kwa mita moja ya mraba ni lita 25. Joto likizidi ongeza, ukiwa na mchanga gawa mara nyingi zaidi, ukiwa na mfinyanzi mara mbili kwa wiki inaweza kutosha. Lakini usimwagilie kwa kalenda, mwagilia kwa kidole. Kila asubuhi zamisha kidole cha shahada kwenye udongo mpaka fundo la pili, kama sentimita 5. Kikitoka na udongo umenata na ubaridi, achana nao. Kikitoka kikavu, mwagilia, na ukimwagilia mwagilia mpaka maji yashuke, sio kurashia rashia juu. Ukirasha kidogo kidogo kila siku mizizi inakaa juu juu inasubiri maji hapo, siku ukisafiri inaungua. Ukimwaga mengi mara chache mizizi inayafuata chini, mche unakuwa na akiba.

Asubuhi ndo muda mzuri, na kwenye shina sio juu ya majani. Jani la nyanya likilala na maji usiku ukungu umekaribishwa. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu iliyotobolewa vitundu kwa sindano ya moto, ukiifukia kichwa chini pembeni ya mche na kitako umekikata, unaijazia maji yanashuka taratibu kwenye mizizi moja kwa moja na majani yanabaki makavu.

Alafu tandaza. Nyasi kavu zisizo na mbegu, majani makavu, mabua, unene wa sentimita 5 mpaka 8, ukiacha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina. Matandazo yanazuia jua lisinyonye maji, magugu hayaoti, na matone ya mvua hayarushi udongo kwenye majani ya chini, na huko kwenye udongo ndiko mbegu nyingi za ukungu zinakokaa.

Kwanini nasumbua hivi? Chukua nyanya iliyooza kitako, ile yenye doa jeusi lililobonyea kama ngozi upande wa chini. Watu wanaita ugonjwa na wanapuliza dawa ya ukungu, na haisaidii kitu kwasababu hakuna mdudu wala ukungu pale. Tunda limekosa kalisiamu, na mara nyingi kalisiamu ipo kwenye udongo tele, ila inasafiri na maji tu, leo umelowesha kesho umekausha siku tatu, safari inakatika na sehemu ya mwisho ya tunda, kile kitako, ndo inakosa. Rekebisha maji na matunda yatakayofuata yanatoka mazima. Na nyanya kupasuka ni habari ile ile, udongo ulikauka sana alafu ukapata maji mengi ghafla, tunda likavimba haraka kuliko ganda. Yani matatizo mawili yanayowakatisha watu tamaa yanaisha kwa kidole na matandazo.

Jambo la mwisho hapa, nyanya ikilegea majani saa nane mchana usikimbilie keni. Isubiri mpaka jioni. Ikisimama yenyewe ilikuwa inajikinga na joto. Ikiwa imelegea asubuhi na mapema, hapo ndo ina kiu, au ina ugonjwa ambao nitausema.

Kufunga, kupogolea, maua

Zile ndefu zifunge kila zikiongezeka sentimita 20 au 30, tumia kamba laini au kitambaa, zungusha umbo la nane, mti upande mmoja shina upande mwingine, shina lisibanwe maana litanenepa. Kwenye kwapa, kati ya shina na jani, linachomoza chipukizi, ukiliacha linakuwa shina jipya na ukiacha yote unapata kichaka chenye majani mengi na nyanya ndogo ndogo. Yavunje kwa vidole yakiwa hayajazidi sentimita 5, asubuhi majani yakiwa makavu, kidonda kinafunga siku hiyo hiyo. Lile lililokuponyoka likawa kubwa usilitupe, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini, ndani ya wiki moja mbili lina mizizi na una mche wa bure. Nyanya fupi usizipogolee, maana matunda yake yapo kwenye hayo hayo matawi. Zote toa majani ya chini yanayogusa udongo. Na kama unavuta sigara nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa miche, tumbaku inabeba kirusi kinachoingia kwenye nyanya pia na hakina tiba.

Maua ya nyanya yanajichavusha yenyewe, dume na jike wapo kwenye ua moja, ila chavua inahitaji mtikisiko itoke. Upepo unatosha, na manyuki makubwa yanayovuma yanafanya kazi hiyo vizuri sana. Kama bustani yako imezibwa na kuta, pita kwenye saa nne au saa sita ukigonga gonga taratibu mti wa kushikilia. Maua yakipukutika wakati wa joto kali, mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, chavua inashindwa, hapo hujakosea chochote, subiri hali ipoe yatafunga tena.

Mbolea ya kukuzia weka matunda ya kwanza yakifika ukubwa wa gololi, mboji konzi mbili kila mche au ya dukani yenye potasiamu zaidi kuliko naitrojeni kwa kipimo kilichoandikwa. Mche wenye majani ya kijani iliyokolea, mnene, mzuri wa kupiga picha na hauna maua, umeshiba naitrojeni, acha kuulisha.

Wadudu na magonjwa

Kila asubuhi geuza majani matatu manne uangalie chini yake, huko ndo wanakokaa. Vidukari na nzi weupe wakiwa wachache wapulizie sabuni ya maji, vijiko 2 vya chai kwenye lita 1, jioni, ukilenga chini ya majani, na ujaribu kwanza jani moja usubiri siku. Nzi weupe usiwachekee maana ndo wanaoleta rasta, majani ya juu yanajikunja yanakuwa madogo ya njano mche unadumaa, na huo ni virusi, hautibiki, ng'oa mche wenyewe ufukie mbali kabla haujawaambukiza wenzake. Utitiri mwekundu ni wa ukame, majani yanakuwa na vidoa doa vya njano na utando mwembamba kama wa buibui. Kantangaze, mdudu ambaye kiwavi wake anakula ndani ya jani, utaijua kwa mabaka kwenye jani unayoweza kuona mwanga kupitia, na ndani yake kuna uchafu mweusi na kiwavi, jani kama hilo lichume na ulifunge kwenye mfuko uuache juani. Mwarobaini unasaidia ukiwahi, sio ukichelewa.

Bakajani, ugonjwa wa madoa ya majani, zipo mbili. Bakajani tangulia inaanza majani ya chini, madoa ya kahawia yenye mizunguko mizunguko ndani kama shabaha, inaenda taratibu, ukitoa majani hayo na kutandaza unaidhibiti. Bakajani chelewa ndo ya kuogopa, inakuja na ubaridi na mvua, mabaka makubwa kama yamemwagiwa maji ya moto, chini ya jani unaona unga mweupe asubuhi, na ndani ya wiki moja bustani nzima imeisha. Ndo ile ile inayoshambulia viazi. Hii ukiiona ng'oa siku hiyo, usingoje, na kama unatumia dawa ya ukungu basi ni ya kukinga kabla mvua hazijaanza. Dawa yoyote ya dukani heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, hii ni chakula cha watoto wako.

Na ule mche uliolala asubuhi ukiwa kijani bado wakati udongo una unyevu, kata kipande cha shina cha karibu na chini, urefu wa sentimita 10, kining'inize kwenye glasi ya maji safi ncha iguse maji, usiitikise. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mwembamba mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na udongo wa kuzunguka mizizi, osha jembe, na hapo usipande nyanya wala ndugu zake (viazi mviringo, bilinganya, pilipili) kwa miaka kadhaa.

Mboga za kuweka pembeni

Mchicha ndo wa kumpa mtu moyo, unamwaga mbegu leo wiki 3 au 4 unachuma. Sukuma na spinachi chuma majani ya nje ukiacha ya katikati, mche mmoja unakulisha miezi. Karoti usipandikize hata siku moja, mbegu iwekwe pale pale itakapokulia kwenye udongo usio na mawe wala samadi mbichi la sivyo inatoka na miguu miwili mitatu, na zinachelewa kuota wiki 2 hata 3 kwahiyo udongo wa juu usikauke kabisa, funika na gunia ukilowesha kila siku mpaka uone kijani, kisha punguza zibaki sentimita 5 kati yao. Matango na maboga yana maua dume na jike mbali mbali, jike lina katunda kadogo nyuma yake, ukiona matunda yananyauka yakiwa madogo nyuki hawajafika, chuma ua dume asubuhi na mapema upake kwa mkono katikati ya jike. Maharage yanaishi na bakteria kwenye mizizi wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, kwahiyo yakimaliza kata shina uache mizizi ardhini. Hoho inalimwa karibu sawa na nyanya ila inachelewa zaidi, ivumilie.

Kuvuna

Tangu kuhamisha mpaka nyanya ya kwanza ni siku 60 mpaka 85 kutegemea na aina. Nyanya ikishaanza kubadilika rangi kitakoni imeshajitosheleza, unaweza kuichuma ikaivia ndani na ladha haipotei, na kama ndege au mvua vinakusumbua fanya hivo. Zile za kijani zilizokomaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu moja, gesi ya ndizi inaziivisha. Usiziweke kwenye friji zikiwa hazijaiva, chini ya nyuzi 12 ladha inasimama na hairudi. Ukivuna wakati wa joto la kupita nyuzi 30 utashangaa zinabaki rangi ya chungwa, wekundu wake haujengeki vizuri kwenye joto hilo, ziingize ndani penye ubaridi zitakolea.

Ukitaka mbegu chagua tunda zuri la mche mzuri, sio tunda zuri la mche mgonjwa, na lisiwe la F1, yani mbegu chotara, maana watoto wake hawafanani na mama. Kamulia kwenye glasi na maji kidogo, acha siku 2 au 3 mpaka juu pafanye utando na harufu ya kuchacha, ule ute unaozuia mbegu kuota umeisha. Osha, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini kwenye sahani, sio kwenye karatasi zitaganda, tunza pakavu zitaota hata baada ya miaka 4.

Alafu chora ramani ya bustani kwenye daftari, hata kama una tuta moja. Nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili zote ni ukoo mmoja na zinaachiana magonjwa, pale zilipokaa mwaka huu zisirudi mpaka ipite miaka 3. Tuta la nyanya likishaisha weka mboji upya, panda maharage, yakitoka maharage weka sukuma.